Mwenye Siri Asile kwa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: katika miaka yangu kumi na sita sijawahi kuagiza chakula. Nimesoma vitabu saba vya mapishi. Naweza kueleza kwa nini mkate huumuka na kwa nini mchuzi hukatika. Lakini mhudumu akisimama mbele yangu na kuuliza aniletee nini, sauti yangu hushuka tumboni na kukaa huko kama jiwe.

Ndiyo maana nakula kwa Shangazi. Ana mkahawa nyumbani kwake, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya gari ambalo halikununuliwa. Meza nne, viti kumi na sita. Shangazi haulizi mtu anataka nini. Anakutazama usoni, anasema "mh", anaingia jikoni, anarudi na kile alichokiona. Hajawahi kunikosea. Siku ya mtihani wa hesabu aliniletea uji wa moto kabla sijafungua mdomo kusema nimefeli.

Leo wateja wawili na nusu. Nusu ni mtu aliyepotea njia, akanywa chai huku akielekezwa. Si ajabu. Nyumba ya Shangazi ni ya mwisho kabisa, kwenye njia isiyotokea popote, nyuma ya ua wa miti uliofunga kila kitu. Kibao hana. Husema mwenye njaa ana pua.

Akaniambia meza zisipojaa Jumamosi hii, basi. Hospitali moja huko mjini inatafuta mpishi, na wamempa hadi Jumatatu ijayo awajibu. Alisema hayo akifuta meza yangu ya kona, ambayo haikuwa na uchafu.

Meza yangu! Nimesomea hapo tangu darasa la nne.

Sikubali. Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Mpango ni huu: kuandika mwongozo. "Mahali pa Kula Mtaani Kwetu." Utabandikwa kwenye ubao ulio nje ya duka la dawa, pale penye matangazo ya paka waliopotea na nyumba za kupanga. Nitasaini Mlaji Mwadilifu. Hakuna atakayenishuku. Mlaji Mwadilifu, ukimsikia tu, ni mtu mzima mwenye kitambi.

Uadilifu unadai utafiti. Mtaa wetu, ambao kelele yake kubwa ni ya mtu kufagia, una mahali patatu pa kula. Nikaanza na Mkahawa wa Vioo. Menyu kurasa kumi na moja! Mhudumu, kijana mrefu kama ngazi, akauliza nitakula nini. Nikasema asante. Akauliza tena. Nikasema ndiyo. Akafikiri kidogo, akaniletea maji, kisha akanionyesha choo kilipo. Nikaenda, kwa adabu.

Nimeandika: "Maji baridi. Choo safi."

Kwa mwokaji wa mikate nilipanga foleni vizuri kabisa. Kila nilipofika mbele nilimpisha aliye nyuma yangu. Niliwapisha watu tisa. Wa kumi alikuwa mwokaji mwenyewe, anatoka kufunga duka.

Nimeandika: "Harufu ya hali ya juu."

Jumatano, 5 Machi

Umebandikwa! Kurasa mbili, pini nne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa mzima ukiwa bado kwenye dawa ya meno.

Kuhusu Shangazi nilikesha nikifikiri. Nikimsifu mno, watu watanusa undugu. Kwa hiyo nikamkosoa, kwa haki. Nanukuu: "Hapa mteja hapewi anachotaka. Mwenye mkahawa humtazama usoni, kisha huamua mwenyewe. Mwenye haraka asije. Mwenye siri asije kabisa. Chakula, hata hivyo, ni kitamu kuliko vyote."

Niliona hiyo "hata hivyo" imekaa vizuri sana.

Jioni Mama akasema Shangazi amepita duka la dawa kununua dawa ya kichwa, akasoma tangazo fulani, akasahau kununua dawa. Nikauliza amesemaje. Hakusema kitu. Shangazi! Ambaye huongea hata na sufuria.

Msema kweli mpenzi wa Mungu. Hakuna aliyesema lolote kuhusu mpenzi wa shangazi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Nimefika kwa Shangazi baada ya shule. Wateja: sifuri. Hata aliyepotea njia hakupotea leo. Shangazi amevaa aproni mpya. Mkononi ana daftari dogo na kalamu. Akaja mezani kwangu, akasimama wima kama askari, hakunitazama usoni hata kidogo, akatazama daftari.

"Utakula nini, mwanangu?"

Jiwe likashuka. Nikasema asante. Akauliza tena. Nikasema ndiyo. Akaandika "ndiyo" kwenye daftari, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika chochote.

Baadaye akanieleza kwamba kuna mtu mwenye akili amemfungua macho. Watu wa siku hizi wanataka kuulizwa. Kumbe miaka yote hii amekuwa akiwaonea wateja. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza. Angegomba ningeona raha.

Nimerudi nyumbani na njaa. Kwa mkono wangu mwenyewe nimekiua kitu nilichotaka kukiokoa, tena kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kubandua tangazo. Haikuwezekana. Watu wamelizunguka! Saba nimewahesabu. Mbele yao mzee wa posta, yule mstaafu aliyetuletea barua mtaa mzima hadi barua zikaisha. Analisoma kwa sauti, kidole kwenye mstari. Alipofika "humtazama usoni" akasimama, akarudia.

Akawaambia wenzake kwamba tangu mkewe afariki hakuna mtu aliyemtazama akajua ana njaa ya nini. Huko kwenye vioo wamempa kitabu akisome, na yeye miwani yake ni ya mbali. Mama mmoja akasema yeye siri hana, angekwenda leo hii. Mwingine akamjibu kwamba hana siri kwa sababu amezimaliza zote kibarazani kwake. Wakacheka.

Kisha mzee wa posta akageuza ukurasa. Akaugeuza tena. Akauliza: ni wapi sasa?

Wakatafuta wote. Juu, chini, nyuma ya karatasi.

Nilikuwa nimeandika kurasa mbili kuhusu mahali pa kula, na sikuandika ni mahali gani! Jina la njia, hakuna. Nyumba ya ngapi, hakuna. Niliandika mpaka rangi ya vikombe.

Mtu mwingine angesema, "Twendeni, nawapeleka." Mimi nikakimbia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kwenye ubao mchana na kalamu, niongeze anwani kimyakimya. Mzee wa posta yupo, amevaa koti la harusi. Amekuja na wenzake. Pia mhudumu mrefu wa Mkahawa wa Vioo, leo ni siku yake ya mapumziko. Akanitambua. Akawaambia wote kwamba huyu binti ndiye yule wa "ndiyo".

Mzee akaiona kalamu. Akaniuliza kama napajua. Nikatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kutembea, kwa kuwa miguu yangu haina haya kama mdomo. Wakanifuata. Mtaa wetu haujaona msafara tangu ujengwe. Watu walitoka kwenye mageti wakidhani ni msiba, wakaambiwa ni chakula, wakafunga mageti na kujiunga. Tulipopita nyuma ya ua wa miti walikuwa kumi na watano. Mimi wa kumi na sita.

Viti vyote!

Na Shangazi akatoka jikoni na daftari.

Akasimama mbele ya mzee wa posta, macho kwenye karatasi, akauliza atakula nini. Nikauona uso wa mzee ukijifunga kama dirisha. Mtu wa pili akaanza kutazama mlango. Jiwe langu likawa tumboni, mahali pake pa siku zote. Sijui lilivyopanda hadi mdomoni.

"Shangazi, usiwaulize. Watazame."

Shangazi akainua macho. Hakumtazama mzee. Alinitazama mimi, polepole, toka paji la uso hadi kidevu, kama anavyokagua samaki sokoni.

"Mh," akasema. "Mwenye siri asije kabisa, eti? Na wewe umekuja kufanya nini?"

Akafunga daftari, akalitia mfukoni mwa aproni. Kila mtu akaletewa chake. Mhudumu mrefu akaletewa supu na kiti changu cha kuwekea miguu. Mzee wa posta alitazamwa muda mrefu. Akaletewa mayai mawili na maziwa ya moto. Akayatazama. Akasema ndivyo alivyokuwa akipikiwa nyumbani, na akala akitabasamu kwenye sahani.

Mimi nililetewa ndoo ya vitunguu na kisu. Nilimenya hadi jioni. Sijawahi kulia kwa furaha kiasi hicho.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi hakungoja Jumatatu. Amewapigia simu hospitali, amewaambia hapana, akamwuliza aliyepokea kama amekula. Meza ya kona bado ni yangu. Ameniapisha nisiandike tena tangazo lolote kumhusu. Nimeapa. Kumhusu yeye.

Sasa fundi wa nguo, kule uchochoroni nyuma ya shule, siku hizi hukaa tu akijipima mwenyewe. Mtu mwenye moyo hawezi kunyamaza. Leo nimeandika "Mahali pa Kushona Mtaani Kwetu", kurasa tatu. Sijawahi kushonewa nguo, lakini nimesoma. Nimemkosoa kidogo, kwa haki. Nimepitia mara tatu nisije nikasahau kitu tena: mishono, vifungo, tabia, hata rangi ya mapazia. Vyote vimo.

Nimeubandika kwa pini nne, nikasaini Mvaaji Mwadilifu, nikarudi nyumbani, nikanawa mikono.