Salamu za Diane kwenye Simu ya Gad

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nina mpango! Jumamosi klabu yetu ya kompyuta inakwenda Mbarara kuonyesha kazi zetu. Programu yangu inatuma salamu za kuzaliwa kwenye simu za vijana. Nimeunganisha hifadhidata mbili: ya kwaya yetu ya Wakongomani, na ya timu ya mpira, aliyoiandika kocha kutoka mji wa Endiinzi. Na Jumamosi hiyohiyo ni siku ya kuzaliwa ya Diane! Diane wa klabu yetu, golikipa wa wasichana, Mrundi. Siku mingi nashindwa kumwambia hata amahoro, salamu ya kwao. Basi mashine itamwambia. Mimi nitakuwa kando, kimya.

Jumanne, 3 Juni
Ujumbe umekamilika. Wengine watapata "Heri ya kuzaliwa" tu. Wa tarehe saba Juni atapata huu: "Wewe unadaka mipira. Mimi umenidaka moyo." Mzuri mpaka nimeona haya mwenyewe. Chini nimeandika "Klabu." Sina wazimu.

Jumatano, 4 Juni
Gad, mshambuliaji, anajifanya mkubwa wa klabu. Amesema nichunguze tarehe: kwaya inaandika siku kwanza, kama tulivyofunzwa kwa Kifaransa kule kwetu Uvira, lakini labda kompyuta ya kocha inaanza na mwezi. Wivu mtupu! Nimeingiza familia yetu kwenye hifadhidata zote mbili: papa, mama, dada yangu mkubwa yaya Olga, mimi. Wote sawa! Sisi wote ni wa Januari mosi, kama nusu ya majirani. Siku ya kuandikishwa kama wakimbizi papa alikuwa amesahau tarehe zetu, tukapewa hiyo. Mashine haikukosea hata mtu mmoja!

Ijumaa, 6 Juni
Mwalimu Perpétue wa klabu ameuliza kama nimejaribu na watu wa nje. Nimemjibu kwa heshima kwamba programu iliyomweza papa itawaweza wote. Shati la kesho limepigwa pasi. Moyo unaruka!

Jumamosi, 7 Juni
Mbarara. Ukumbi umejaa. Nikabonyeza, nikakimbilia fasi karibu na mlango. Simu ya Diane: kimya. Ikalia ya Gad. Mwalimu Perpétue akamwomba asome mbele ya watu. Akasoma. Yote! Polepole!

Ukumbi ukacheka mpaka viti vikalia. Gad akanigeukia.
"Petit, mdogo wangu, asante. Lakini mimi nimezaliwa sita Julai."

Mwalimu akaandika ubaoni. Kwa kocha, 07/06 ni sita Julai; mashine yangu ikasoma saba Juni. Siku ya Diane, 06/07, ikatupwa Julai. Nikatamani kujificha nyuma ya ubao.

Wakati wa kurudi, Diane akaja kukaa karibu yangu. Akasema taratibu:
"Leo ndiyo siku yangu. Ulikuwa na neno?"

Nikamwambia gari linakuja. Tulikuwa tumeshakaa ndani yake, tumeshapita mji wa Rwekubo.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada Mwalimu Perpétue amenishauri nimuulize kocha anavyoandika, kisha nigeuze tarehe zote ziwe na umbo moja: mwaka, mwezi, siku. Na yaya Olga ameniletea habari: Diane anajua ni mimi, na anangoja nimwambie kwa mdomo wangu.

Njia ndefu hizo, zote mbili! Nimepata ya mkato. Nimebadilisha tarehe za watu wote, kwaya na timu, kuwa Januari mosi. Uanze na siku, uanze na mwezi, ni kitu kimoja! Ujumbe wa moyo nimeuhamishia hukohuko. Mwaka mpya utamfikia Diane bila shaka.

Nimeijaribu tena kwa familia yetu, nikiiambia mashine leo ni Januari mosi. Simu ya mama imelia. Ya yaya Olga imelia. Papa ameusoma wake mara mbili, anauliza ni nani huyo kwenye klabu aliyemdaka moyo.

Lakini tarehe: hakuna kosa hata moja!