Vitambaa kwa Samaki, na Odette Hayupo

Leo nimeaibika, jamani. Mchana kweupe, tena mbele ya watu wenye tai.

Mnajua mi nacheza ule mchezo wa intaneti pale siber, penye kompyuta za kulipia, nyuma ya soko kuu. (Ndiyo, mwanamke mzima, msusi wa mtaa wa Buyenzi, mama wa watoto. Endeleeni kusoma.) Aliyenifundisha ni Odette, rafiki yangu wa mtaa wa Kamenge, kabla risasi hazijaihamisha familia yao. Sasa yuko Kanada. Mule mchezoni mi nafuma vitambaa, yeye anavua samaki.

Zamani, ili tubadilishane, ilibidi kila mtu atembee mpaka sokoni, lile soko la mulemule ndani. Kwa intaneti yetu ya kinyonga, safari hiyo ilikula nusu ya muda niliolipia. Mkifika, mnasimama uso kwa uso, kila mmoja anafungua gunia lake, mnapatana bei. Odette alikuwa mgumu! Samaki mmoja tulimgombania mpaka tumeshamzungumza mama yake Odette, baridi ya Kanada, na mume wangu.

Kisha wenye mchezo wakaleta sanduku. Unatumbukiza kitambaa, unaandika unachotaka, unajiendea. Mwenye kukitaka atachukua. Watu wakashangilia! Odette naye akaniandikia: "Hadija, hii ni rahisi. Mi niko na kazi mbili, sina nafasi ya kusimama sokoni."

Haki yake. Tangu hapo samaki wanafika mara moja. Samaki tu. Hakuna hata "amakuru", habari yako ya kwetu.

Leo nikasema apana. Nikalipita sanduku, nikatembea mpaka sokoni. Peupe! Kama soko letu asubuhi ambayo milio ya risasi imesikika milimani. Nilikuwa nageuka nirudi, nikaona mtu mmoja amesimama, kilemba cha manjano, samaki mkononi.

Kilemba cha Odette, kile anachovaa mule mchezoni! (Jina la mchezaji huandikwa juu ya kichwa, lakini skrini yangu ina doa jeusi palepale.)

Moyo ukaruka. Nikafungua gunia. "Samaki bei gani, we mwizi?" nikaandika.

"Vitambaa mbili," akajibu.

Anajifanya hanijui! Basi nikamwaga yote. Na mi nikiandika nasoma kwa sauti, ndiyo tabia yangu: "Wacha utani. Tangu uende sijacheka vizuri. Nikipita kwenu naona mlango umefungwa kwa waya. Nani anakusuka huko? Vidole vyangu vinaziota nywele zako. Rudi, mupenzi wangu!"

Nikampa vitambaa vyote. Bure.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Madamu," ikasema sauti nzito, "vitambaa nimepokea. Aksanti sana. Lakini nywele..."

Nikageuka. Baba mnene, tai shingoni, anavua kofia taratibu. Upara! Unang'aa kama sinia la harusi!

Watu walicheka mpaka mwenye siber akashika ukuta. Mmoja akauliza mahari imefika ngapi. (Ardhi, ulikuwa wapi usinimeze?)

Nikachukua mkoba nitoke. Yule baba akanizuia kwa sauti ndogo: "Kaa, dada. Hata mi nilikuwa namungoja mutu. Mudogo wangu, yuko Nairobi. Tulikuwa tunaonana mule sokoni tu. Tangu hii sanduku ije, haji tena."

Nikakaa.

Akanirudishia vitambaa vyangu vyote, kisha akaanza upya, kwa kuandika, kama inavyotakiwa: "Samaki huyu, vitambaa mbili."

"Kimoja. Na huyo samaki amelala tangu jana."

Tuligombana vizuri sana mpaka umeme ukakatika.

Kwa hiyo msicheke, nawaomba. Odette peke yake ndiye nimemruhusu, ila aje acheke mulemule sokoni, nimuone.