Ombi la Kumnyang'anya Mke Wangu Ushindi wa Mbio

Jeconia Obiero,
Kamenu, Thika.
Novemba 2, 1995.

Kwa Katibu,
Kamati ya Mbio za Sikukuu, Ruiru hadi Thika.

Bwana Githinji mheshimiwa,

KUH: KUSIKILIZA MUZIKI MBIONI, NA HATARI ZAKE KWA NDOA NA KWA NCHI

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama miguu ingali inakuuma baada ya kusimama juani siku ile, pole sana. Mimi ni yule mtu wa baiskeli. Najua unanikumbuka, kwa maana uliliandika jina langu kwenye kidaftari chako mara mbili, kwanza Ruiru na tena Juja, na mara ya pili kalamu ilitoboa karatasi. Sikuja kulalamikia hilo. Nimekuja kukusaidia kazi.

Mke wangu ni Aketch, nambari 114, aliyekuwa wa kwanza kwa upande wa wanawake tarehe 20 Oktoba. Hapa Kamenu anaitwa Mama Odhi, na watu wanamjua zaidi kwa omena, wale dagaa wa ziwani, anazouza sokoni kuliko kwa mbio. Alimwacha wa pili kwa dakika sita. Mkampa godoro la inchi sita, na ndilo nimelikalia nikiandika haya. Kwa heshima na taadhima, naomba Kamati imnyang'anye ushindi huo. Sababu zangu ni hizi.

1. Alikimbia na muziki. Unakijua kile kiredio cha kaseti ambacho vijana hujifunga kiunoni, kiitwacho wokmani, chenye waya mbili za kupanda masikioni. Aketch alikipata kwa Fahim, fundi wa redio pale mjini, na tangu siku hiyo kaseti yake ni moja tu, ya rumba, tena upande mmoja umelika. Alivaa vile vidude masikioni kabla ya filimbi kupigwa Ruiru na hakuvitoa mpaka uwanja wa Thika. Nilikuwa nyuma yake hatua nne. Niliona kwa macho yangu kichwa kikitikisika kwa kufuata gitaa.

Utaniambia sheria zenu hazikatazi. Ni kweli. Mliziandika zamani, wakati mtu akitaka kukimbia na muziki ilimbidi abebe santuri pamoja na meza yake. Siwalaumu. Lakini sheria ikizeeka hutafutiwa msaidizi, kama mtu mwingine yeyote.

2. Mimi ndiye mkufunzi wake. Kwa miaka minne nimemfundisha kwa sauti, maana saa ya kupimia mwendo sina, na sauti Mungu alinipa bure. Sauti hii imejaribiwa pale maporomoko ya Chania, msimu wa mvua, maji yakiwa yamejaa. Nilisimama upande wa hoteli, Aketch akawa ng'ambo, nikamwambia akunje kiwiko, naye akakikunja. Mtalii mmoja aliyekuwa akipiga picha maji aligeuka akanipiga picha mimi.

Siku ya mbio nilimpa maagizo yote ninayompa kila mwaka. Kunja kiwiko. Shusha bega. Usimeze mate ukipanda mlima. Hakutii hata moja. Bega lilikuwa juu kama la mtu anayebeba ndoo, kiwiko kilikuwa wazi, na mate sijui aliyafanya nini. Halafu akavunja rekodi yake mwenyewe. Bwana Katibu, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aketch hakusikia la mkuu kutoka Ruiru hadi Thika, na guu halikuvunjika. Mimi nina mtoto anayesoma darasa la sita. Nitamfundisha methali gani sasa?

3. Nilidharauliwa mbele ya watu. Najua sheria yenu ya tisa inakataza mtu kumfuata mkimbiaji kwa baiskeli. Nimeisoma na naiheshimu, ila nadhani iliwalenga watu wasio na sababu. Msimamizi wenu mmoja, kijana anayeitwa Wainaina, alinisimamisha kabla hatujafika Juja akaniuliza, "Haiya, mzee, kwani leo ni wewe unakimbia ama ni bibi?" Nilimjibu kwamba tunakimbia sote, yeye kwa miguu na mimi kwa akili. Pale Juja penyewe vijana waliokaa juu ya ukuta walinipigia kelele, "Buda, tulia! Huyo mathe ako na ngoma kwa masikio, hakuskii!" Watu wote wa kituoni wakacheka. Hata yule mama wa mahindi ya kuchoma alicheka, naye nilikuwa nimenunua kwake mwaka jana.

Mtu wa miaka arobaini na mitatu hawezi kuchekwa Juja halafu arudi Thika akiwa vile vile. Ninataka Kamati iandike katika kumbukumbu zake kwamba sikuwa nikichekesha.

4. Ushahidi wangu mkuu. Hili nakuambia kwa sababu barua ya malalamiko ni siri kati ya mlalamishi na ofisi. Tafadhali isisomwe mkutanoni.

Baada ya Juja barabara ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeshapaza sauti karibu nusu ya safari bila hata kutazamwa. Mtu akisema na ukuta kwa muda mrefu, mwishowe huanza kuuambia ukweli. Kwa kuwa hakuwa akinisikia, nilimwambia mke wangu kwamba tangu tarehe 31 Agosti sina kazi. Nilimwambia kwamba kiwanda cha nguo nilichokitumikia miaka kumi na minne kilitupunguza watu sitini kwa barua ya mistari mitatu, na kwamba meneja aliyeitia sahihi hakuwa na waya wowote masikioni lakini naye hakusikia. Nilimwambia kwamba kila asubuhi akiniamsha saa kumi na moja na kunifungia chakula kwenye mkebe, mimi huenda kukaa karibu na maporomoko ya Chania, saa tatu chakula kimekwisha, halafu natazama maji mpaka king'ora cha jioni kilie ndipo nirudi nyumbani na uchovu wa uongo. Nilimwambia naona aibu. Nilimwambia kwamba nampigia kelele za kiwiko kwa sababu duniani hapajabaki mahali pengine ambapo mimi naweza kumwambia mtu afanye jambo naye akalifanya.

Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo. Machozi yalinitoka kidogo, lakini upepo wa baiskeli unajulikana kwa tabia hiyo.

Sasa angalia alichofanya. Hakugeuka. Alipangusa uso kwa ukosi wa fulana, maana jasho lilikuwa jingi, kisha akaongeza mwendo. Aliongeza mwendo hivi kwamba mnyororo wangu ulichomoka nikabaki nikiurudisha kando ya barabara, na nilipofika uwanjani alikuwa ameshakabidhiwa godoro. Nakuuliza wewe kama mtu mwenye mke: ni mwanamke gani atasikia habari kama hizo za mumewe, halafu akimbie zaidi? Hakusikia neno. Muziki ulimbeba. Ushindi ule ni wa gitaa.

5. Madhara baada ya mbio. Muziki huo umemharibia kumbukumbu. Jumatatu iliyofuata hakuniamsha saa kumi na moja. Nilipoamka mwenyewe saa moja, nikijua nimechelewa mahali nisipokwenda, aliniambia nilale tu, kuna baridi. Mkebe wangu wa chakula ameugeuza wa kuwekea chumvi jikoni. Mchana alinipakulia ugali mezani akasema, "Leo utakula hapa hapa, Baba Odhi," wala hakuuliza kwa nini niko nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa akitaka kujua hata mpishi wa kantini kiwandani ameamkaje. Sasa jina la kiwanda halimtoki mdomoni, kana kwamba hakijawahi kujengwa.

Jumatano hali ilizidi. Alinibebesha gunia la omena mpaka sokoni, akaniweka mbele ya meza, akaniambia kwa kuwa sauti ninayo niite wateja. Niliita. Siwezi kukataa kwamba omena zilikwisha kabla ya saa sita, na kwamba Mama Nadira wa duka la vitambaa alitoka nje kuona ni nani anayehubiri. Lakini hebu fikiri. Unamtoa fundi wa mitambo siku ya kazi, unamsimamisha sokoni, na humwulizi kwa nini hayuko kazini. Hiyo ni akili ya mtu mzima? Daktari yeyote atakwambia hayo ni madhara ya rumba.

6. Hatari kwa nchi. Leo ni mke mmoja wa Kamenu. Kesho wanafunzi watavaa wasisikie kengele. Kesho kutwa wafanyakazi watavaa wasisikie king'ora, wafike saa nne badala ya saa moja, mashine zikae bure, na viwanda vifungwe. Wako wanaosema viwanda vya Thika vinafungwa kwa sababu ya nguo za mitumba. Wengine wanawataja wakubwa, majina kwa majina, lakini kwa sauti ya chini. Mimi nasema tuanze na masikio. Ni rahisi zaidi kumkamata mtu mwenye waya kichwani kuliko kumkamata mtu mwenye gari la bendera.

Kwa hayo yote naomba Kamati ifanye yafuatayo. Kwanza, ushindi wa nambari 114 ufutwe, na apewe yule wa pili, au, ikiwa huyo naye atapatikana na kosa, nipewe mimi, kwa maana nilifika. Pili, mwakani kila mkimbiaji akaguliwe masikio na muuguzi kabla ya filimbi. Tatu, sheria ya tisa irekebishwe ili waume wenye baiskeli wapewe nambari zao. Kuhusu godoro, niko tayari kulirudisha. Naomba tu mtu wenu asije kulichukua kabla baridi haijaisha, na akija aje na lake la kutuachia.

Nisalimie wanakamati wote, Wainaina pia, ingawa hakustahili. Msalimie na mama watoto, na kama naye hukimbia, mchunguze.

Ni mimi mpenda haki, na mpenda mbio,

Jeconia Obiero
Mkufunzi

Baada ya kutia sahihi:

Bwana Katibu, nilipokuwa nikiifunga barua hii niliona ni vyema niambatishe wokmani yenyewe kama kielelezo. Nikafungua kifuniko cha nyuma nitoe betri, zisije zikavuja zikiwa posta. Ndani hamkuwa na betri. Nikaenda kwenye redio yangu ndogo, ile ya kusikilizia mpira, nikakuta betri mbili zenye alama za meno, na meno hayo ni yangu, kwa maana betri zikichoka mimi huziuma zitoe nguvu iliyobaki. Ndipo nikakumbuka. Jumapili kabla ya mbio, mpira ukiwa dakika ya sabini, redio ilinyamaza, nikachukua betri za wokmani nikasema nitazirudisha kesho. Sijazirudisha mpaka leo.

Nilirudi kukaa kwenye godoro. Nilirudia kila neno nililosema kutoka Juja hadi mnyororo ulipochomoka, moja baada ya moja, na kila moja lilikuwa limefika.

Kisha nikaenda jikoni nikamwuliza alivaa waya za bure za nini. Hakuacha kuchagua omena. Akasema, "Nilivaa ndio unyamaze, Baba Odhi. Kumbe ndio utaongea." Nikamwuliza, sasa kama alisikia, mbona aliongeza mwendo? Akasema aliposikia habari ya kiwanda alijua kwamba siku hiyo wa kupeleka kitu nyumbani ni yeye, basi akaenda kukichukua.

Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa stempu nimeshaibandika na imekataa kubanduka. Lakini yale ya juu yote yapuuze. Kesho kuna gunia jipya na natakiwa sokoni mapema. Godoro msije kulichukua.