Jumamosi Kuna Povu Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya likizo. Karani wa masjala kama mimi akipumzika, mafaili nayo yanapumzika. Nimelala hadi saa tatu, nikaamka, sikujua nimeamkia nini. Nikachungulia mlango wa Bwana Vicheko, jirani tunayepakana naye ukuta: jozi sita za viatu! Jumatatu asubuhi! Watu wanafuata nini kwa mtu anayecheka kabla hujamaliza salamu? Mlangoni kwangu jozi moja, nayo yangu. Dada akapiga simu, akauliza kama nina mtu wa kuongea naye siku hizi. Nikamwambia nina mgeni hapa, siwezi kuongea sana. Nikakata simu, nikakaa kimya kama huyo mgeni mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimekutana ngazini na fundi cherehani wa chini. Mjane, mcheshi, hata akikusalimia ana pini mdomoni. Akanieleza kwamba alipeleka mapazia hoteli moja, wakampa chai ya maziwa yenye povu juu, na tangu siku hiyo anaiota. Hayo ndiyo mazungumzo yangu marefu tangu Ijumaa. Mpango ukanijia pale pale, mguu mmoja hewani. Nitaipika chai hiyo nyumbani. Atakuja, atakaa, tutaongea. Mengine Mungu anajua.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza. Majani, tangawizi ya kutwanga, iliki, nikachemsha hadi rangi ikakolea. Safi kabisa. Kisha maziwa ya moto nikayatia kwenye chupa ya jamu, nikafunga, nikatikisa kwa nguvu zote. Lahaula! Mfuniko ukaruka. Maziwa darini, kwenye kalenda, sikioni. Bwana Vicheko akagonga ukuta kuuliza kama niko salama. Nikamjibu kwamba niko salama, mimi na wageni wangu. Akasema mbona hajasikia mtu akiingia. Mmbea mkubwa!

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetumia waya wa kupigia mayai. Maziwa ya vuguvugu, dakika nne za kupiga, mkono ukafa ganzi, na povu likasimama! Zito, jeupe. Nikalipakua juu ya chai, nikanyunyiza mdalasini. Nikageuka nimwambie mtu atazame. Nikageuka tena kwenye kikombe. Chai nzuri hivi, kuinywa peke yako inauma. Nimekunywa vikombe viwili, cha pili kwa niaba ya mgeni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshuka mara tatu kumwalika fundi. Mara ya tatu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema funguo. Akaacha cherehani, tukazitafuta robo saa nzima, na funguo ziko mfukoni mwangu. Ilikuwa robo saa tamu sana.

Basi, hila: kumwalika yeye kwa kuwaalika wote. Nimeandika kwenye kundi la simu la wapangaji kwamba kesho saa kumi jioni, mlango namba saba, kuna povu la nguvu, wasikose. Neno chai nimelificha makusudi, niwashtukize. Wamejibu mbio mbio! Mwenyekiti wa jengo amesema hata yeye analo, amelibana tangu mwaka jana. Mama wa ghorofa ya tatu ameandika kwamba lake halitatosha sebuleni. Kumbe jengo zima wanapika, na mimi sijui!

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja watu kumi na mmoja. Viatu vimefika ngazini, na Bwana Vicheko ameviona alipoingia! Raha iliyoje. Kisha mwenyekiti akasimama, akaniomba nimwage povu langu mbele ya wote. Nikasema bado linapanda jikoni. Akasema basi aanze yeye, akauliza ni nani anayetupa taka dirishani. Mama wa ghorofa ya tatu akataka kujua kwanza nani anazima pampu ya maji yeye akiwa na sabuni kichwani. Salaale! Ndipo nikaelewa. Mimi nasema povu la maziwa, wao wamekuja na la mdomoni, la malalamiko! Nikapaza sauti kwamba nimewaita kwenye chai tu. Bwana Vicheko akauliza kama ni chai ya kunywa au chai ya kutudanganya. Wakacheka, wakaendelea kugombana saa nzima, wakaondoka bila kuonja. Jikoni povu langu limekuwa maji.

Alibaki fundi. Alikunywa chai iliyopoa, haina povu hata chembe, akaisifia tangawizi. Akasema amekuja kwa sababu ananiona nikipanda na kushuka peke yangu, na jambo hilo linamuumiza. Akasema nigonge tu mlango wake, siku yoyote, hata mikono mitupu. Kesho mchana anapika, na sahani yangu ipo. Nusura nilie mbele yake.

Jumapili, 9 Machi

Sijaenda. Mtu mzima niende mikono mitupu? Nimemtumia ujumbe kwamba nina shughuli, na kweli ninayo. Nimegundua kosa: povu lilikuwa jepesi. Likisimama nusu saa bila kushuka, hapo nitamwalika rasmi, na ataduwaa.

Saa saba mchana akagonga mlango. Akasema kutoka nje kwamba chakula amekifunika kisipoe. Nilikuwa katikati ya kupiga maziwa, na ukiacha kidogo tu yanakuharibikia. Sikufungua. Akagonga tena, akaniita kwa upole. Nikapiga polepole asinisikie. Kisha nikasikia hatua zake zikishuka ngazi.

Dakika kumi na mbili limesimama! Nimeliweka mezani, nimekaa mbele yake tangu saa nane. Nyumba kimya. Sijui kwa nini watu hawanitembelei.