Deli la Nyuki wa Usinge

Jumatatu, 2 Juni
Stesheni ya Usinge. Nyuki mia mbili wa kupimwa wamo kwenye deli la barafu, wamekufa vizuri. Ijumaa Dokta Emilian anachagua nani abaki kazini kwenye maabara yake ya Tabora: mimi au mwanagenzi mwenzangu Apolinaria. Mke wangu Batuli ana mimba ya miezi minane, na nimeshamwambia nafasi ni yetu. Basi nimemnunulia Dokta dumu la asali. Lakini treni imejaa, litakanyagwa! Nimelitia kwenye deli. Barafu imebidi itoke. Nyuki ni maiti tayari, joto litawafanya nini?

Jumanne, 3 Juni
Treni imechelewa kwa saa saba. Asali haikumwagika hata tone. Nimempelekea Dokta nyumbani, nikamsimulia nilivyoilinda ndani ya deli lenyewe. Akacheka, akashukuru. Nimo!

Jumatano, 4 Juni
Allahu akbar! RNA ya ribosomu, ile inayojenga mashine ya protini ndani ya seli, kwa nyuki aliowaleta Apolinaria imetoka mistari safi kwenye picha ya kipimo. Kwangu vipande vitupu! Nani kaikata? RNA ndogo! Zinajulikana kwa kuzima ujumbe wa jeni. Kama zinaikata na RNA ya ribosomu, wataalamu wanabishana. Wasibishane tena, jibu limetoka Tabora.
Apolinaria kauliza mara mbili nyuki wangu walisafirije. Wivu huo. Nimemwambia kwa barafu, tena tele.

Alhamisi, 5 Juni
Apolinaria kajifungia maabara. Nikachungulia dirishani: kawaacha nyuki wake mezani, bila barafu, kutwa nzima! Mzembe mkubwa. Kesho nitamuumbua mbele ya Dokta.

Ijumaa, 6 Juni
Nilisimama mbele ya Dokta. Nikaeleza ugunduzi wangu, nikamalizia kwa kumshtaki Apolinaria na nyuki wake wa mezani.
Akasema ni kweli, alikusudia. Akatoa picha. Nyuki wa barafu, mistari safi. Wale wale baada ya kukaa kwenye joto, vipande, sawasawa na vyangu. Hakuna RNA ndogo iliyokata kitu, wameoza tu. Swali lenyewe, akasema, bado linamngoja mtu mwenye barafu.
Nikaapa wangu walilala kwenye barafu safari nzima. Dokta akalitazama deli. Akaniuliza, polepole, asali yake basi ilikaa wapi.
Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Jumamosi, 7 Juni
Nafasi kapewa Apolinaria. Batuli kalia, nami nikalia. Ila Apolinaria kanionea huruma: kibarua cha mwezi mmoja, Jumatatu nirudi Usinge kuleta nyuki wengine. Kaniapisha kwamba deli ni la nyuki na barafu, basi. Nimeapa, na nilimaanisha.
Nasikia anapenda sana kuku wa kienyeji, na mwezi ukiisha yeye ndiye atakayeamua kama nibaki. Nimelipima deli kwa rula. Kuku wawili waliochinjwa wanaenea, ukipunguza barafu kidogo.