Daktari wa Utitiri

Mwaka ule wa msako wa walanguzi, unga wa sembe uliadimika Korogwe nzima, na Sadala, aliyeishi kwa ulimi wake tu, alishinda njaa kama raia wengine waaminifu. Alikuwa kwa kinyozi alipomwona Mzee Mdoe, ambaye duka lake lilibaki na chumvi na viberiti, akijikuna shingo mpaka kola ikapinda. Sadala akainama kutazama. Kwenye kola palikuwa na vumbi jeupe, na vumbi lenyewe lilikuwa linatembea.

Utitiri wa unga, akawaza. Kumbe mzee analala na unga.

Kesho yake akabisha hodi kwa mzee huyo, mtaa wa Kilole, amevaa koti la kaki, mgongoni bomba la kupulizia pamba lililojaa maji ya mwarobaini.

"Shikamoo mzee. Natoka afya. Tunapitia nyumba zenye muwasho."

"Marahaba. Hapa hakuna muwasho," alisema Mdoe, huku anajikuna.

"Mwambie ukweli daktari, baba Zamda," alisema mkewe, Bi Fatu. "Hatulali humu."

Walipoingia chumbani, chini ya kitanda magunia yalikuwa yamejipanga kwa utulivu wa wenye nyumba.

"Mimi nashughulika na wadudu, si polisi," alisema Sadala kwa upole. "Lakini unga ukibaki humu, dawa ni kazi bure. Lazima ukafukizwe Segera. Nyinyi osheni chumba, anikeni godoro juani."

"Uondoke na unga wangu?"

"Au tumwite balozi wa nyumba kumi aje atushauri."

Mzee akanywea. Bi Fatu mwenyewe akakaza midomo ya magunia kwa uzi wa katani, eti yasimwagike njiani.

Sadala alimpa dereva wa lori saa yake ya mkononi iwe nauli. Segera, Isihaka mwenye mgahawa, aliyezoea kununua bila maswali, akapasua gunia la kwanza, kisha la pili.

"Pumba," alisema. "Tena zinatembea."

Sadala alirudi Kilole kwa miguu, akijikuna. Alimkuta Bi Fatu uani, anageuza godoro juani. Mzee alikuwa msikitini.

"Mama, yale magunia ni pumba."

"Najua. Unga niliwauzia majirani kidogo kidogo tangu mwezi wa mfungo, wana watoto. Nikajaza pumba ili mzee asione magunia yamelegea. Pumba zikaleta wadudu, na sikujua nitazitoaje bila yeye kuzifungua."

"Ukanitwika mimi."

"Ulikuja mwenyewe, daktari."

"Na mzee akidai unga wake?"

"Atamdai nani? Polisi atawaambia ameibiwa nini?"

Njaa ikamshinda Sadala, akaomba japo kibaba kimoja cha unga.

Bi Fatu akafunua mtungi, akampimia nusu.

"Huo ni ujira wa upagazi," alisema. "Na siku nyingine pitia huku uani, kama wateja wenzako."