Benefiti ya Albano

Albano hakuwa na viatu, hakuwa na saa, hakuwa na ndugu bomani, wala hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji ya kunywa. Alikuwa na kibanda cha udongo hapa Kinondoni na mikorosho mitatu aliyoipanda mwenyewe. Jumamosi moja ikaja barua ya kumwondolea na hivyo.

Barua aliileta Nikodemu, karani mdogo wa ofisi ya viwanja. Kwenye benchi letu la kahawa anaitwa Wino. Albano ni kuli wa bandarini, tunamwita Nanga. Mie wamenipa Koroboi, maana Kiingereza nilikisomea usiku kwa taa hiyo, miaka minne, mvi zikiwa tayari kichwani. Basi nikapewa niisome.

"Wanataka kiwanja chako," nikasema. "Watafyeka mikorosho, watengeneze uwanja wa mpira. Ni kwa benefiti ya wenyeji wa Kinondoni. Utie dole hapa chini kwamba umeridhika."

"Benefiti ndiyo nini?"

"Faida, manufaa!" Wino akadakia. "Serikali inakutakia mema, Nanga. Tia dole upesi, ofisi inafungwa saa saba."

"Na wenyeji ndiyo nani?"

"Si wewe!"

"Kwa hiyo nitakayefaidi ni mie?"

"Enhe!"

"Nikiwa nakaa wapi?"

Marijani, muuza kahawa, alicheka nusura amwage birika. "Golini! Atalala golini, azuie na mipira."

"Nyie watu wa vijiweni hamna shukrani," Wino akanuna. "Neno zuri la Kizungu mnalifanyia mzaha."

Nikatoa daftari langu. Tangu shule ya usiku, kila nikiliona neno hilo kwenye tangazo hulinakili.

"Sikilizeni. Walipokataza ngoma usiku: kwa benefiti ya wapiga ngoma. Walipowafukuza wauza samaki barabarani: kwa benefiti ya wauza samaki. Walipowapiga risasi mbwa wetu..."

"Kwa benefiti ya mbwa!" Marijani akamalizia.

"Na daftari zima," nikasema, "sijaona benefiti hata moja iliyopelekwa Oysterbay kwa Wazungu."

"Wamesoma wale," akasema Marijani. "Wanajua inavyouma."

Albano hakucheka. Alikuwa akiitazama mikorosho yake ng'ambo ya njia.

"Wino, huyo bwana wako Mzungu aliyekutuma ana nafasi kwake?"

"Bustani tu, ukiingia unapotea."

"Na uwanja wa mpira?"

"Hana."

"Maskini ya Mungu! Koroboi, shika kalamu."

Akasema kwa Kiswahili, mie nikaandika kwa Kiingereza safi, nyuma ya barua ileile:

"Bwana Mheshimiwa, benefiti yako nimeiona, nami nakushukuru. Lakini kwetu chakula kikiiva, mgeni hutengewa kwanza. Mwenyeji kumtangulia mgeni ni aibu. Nyie ndio wageni. Tafadhali uwanja uanzie bustanini kwako. Mkishashiba benefiti, ikibaki, tuleteeni. Mimi, mtumishi wako mtiifu."

Albano akachovya kidole kwenye kibweta cha wino cha karani, akakandamiza dole chini ya maneno hayo.

"Mtanifukuzisha kazi!" Wino akapiga kelele.

"Usijali," Marijani akamtilia kahawa. "Itakuwa kwa benefiti yako."

"Basi nikamwambie nini?"

"Usimwambie neno," nikasema. "Ulitumwa dole, unapeleka dole. Au urudi mikono mitupu?"

Wino akainywa ile kahawa kwa mkupuo mmoja, akanyoosha mkono.

Bahasha ya serikali tukaigeuza ndani nje. Gundi hatukuwa nayo. Albano akavuka njia hadi kwenye mkorosho wa kwanza, akarudi na utomvu kwenye ncha ya kidole, akapaka, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Ndipo akampa Wino, naye akapanda baiskeli akashika njia ya mjini.